Ukoo mzima kwenye meli ya kitalii: hatua za kuamua kabla hujalipa arbuni

Likizo ya shule ikikaribia, familia za Waswahili wa Houston, Dallas na kwingineko Texas huanza kuniuliza: tuwapeleke wazee na watoto wote kwenye meli ya kitalii inayotoka Galveston, bandari ya Texas, au tuache? Tangazo wameshaliona, bei imewavutia, na kundi la WhatsApp la familia limeshachangamka. Kazi yangu ni kupanga safari za familia kubwa, na kabla sijafungua ukurasa wa bei huwa namuuliza aliyenipigia: katika ukoo wenu, nani anaweza kuzuiwa bandarini, nani anaweza kuugua njiani, na nani anaweza kushindwa kulipa? Uamuzi unaanzia kwa hao. Meli inachaguliwa mwisho.

Tuchukue mfano wa watu 11: bibi na babu waliokuja kutembea kutoka Zanzibar, ndugu wawili na wake zao, na watoto watano. Safari ni ya usiku 7, kutoka Galveston hadi Cozumel na bandari nyingine za Mexico, kisha kurudi Galveston.

Hatua ya 1: Tandaza hati za kila mtu mezani

Usiulize kwa mdomo, maana kila mtu atakwambia "mimi niko sawa". Omba picha ya kila hati na uisome mwenyewe.

Raia wa Marekani wana nafuu. Safari inayoanza na kuishia bandari ile ile ya Marekani inawaruhusu kusafiri na cheti cha kuzaliwa cha Marekani pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha, na mtoto wa chini ya miaka 16 anaweza kutumia cheti hicho peke yake. Hata hivyo mimi husisitiza pasipoti. Babu akilazwa hospitali Cozumel na mwanawe akabaki naye, watarudi kwa ndege, na ndege ya kimataifa haikubali cheti cha kuzaliwa.

Mwenye grini kadi abebe kadi yenyewe na pasipoti ya nchi yake ikiwa hai. Mexico haimdai visa mkaazi wa kudumu wa Marekani, lakini nchi nyingine zina sheria zao, kwa hiyo soma orodha ya bandari moja baada ya nyingine.

Bibi na babu wako Marekani kwa visa ya matembezi. Fungua ukurasa wenye visa na utafute palipoandikwa "Entries". Herufi M ina maana wanaweza kuingia mara nyingi. Pakiwa na namba 1, wameshaitumia siku waliyotua. Meli ikitoka Galveston wamekwisha kutoka Marekani, na kurudi kunaweza kuhitaji ruhusa mpya. Mtu wa namna hiyo usimlipie. Angalia pia tarehe ya mwisho ya visa, na usome masharti mapya ya Marekani kwa raia wa nchi yao wiki ile ile unayotaka kulipa, kwa sababu yanabadilika.

Hapa nawaomba ndugu zetu kutoka Congo na Burundi wasome kwa makini. Kama kuna mtu nyumbani ambaye ombi lake la hifadhi bado halijaamuliwa, asipande meli hii bila kuzungumza na wakili. Akitoka nchini bila kibali maalumu cha kurudi, sheria inamhesabu kuwa ameliacha ombi lake. Siku tatu za kuogelea hazifai kuhatarisha miaka ya kusubiri. Mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi naye aulize ubalozi wa kila nchi meli itakakotia nanga, na apate jibu kwa maandishi.

Kama unasafiri na mtoto wa dada au wa kaka bila wazazi wake, beba barua ya ridhaa iliyosainiwa na wazazi mbele ya mthibitishaji wa hati (notary). Sisi mtoto wa ndugu ni mwanetu. Ofisa wa mpakani anaona majina mawili yasiyofanana.

Mtu mmoja akikwama kwenye hatua hii, simama. Safari ya ukoo inayomwacha bibi peke yake Houston si ile mliyoikusudia.

Hatua ya 2: Miili, na hofu

Kampuni kubwa za Marekani hazimpokei mjamzito atakayefikisha wiki ya 24 kabla safari haijaisha. Mtoto mchanga lazima awe na angalau miezi 6, na kwenye safari zenye siku nyingi mfululizo za bahari tupu, miezi 12. Mtoto anayevaa pampasi haruhusiwi kwenye mabwawa ya kawaida, hata kama ni pampasi ya kuogelea, na klabu za watoto huanza miaka 2 au 3 kutegemea kampuni. Wazazi wenye watoto wawili wadogo wajue kwamba mmoja wao atakuwa zamu ya kulea kila saa, kama nyumbani.

Zahanati ya meli inalipisha, na bili inawekwa kwenye akaunti ya chumba. Bima nyingi za afya za Marekani, hata Medicare, ile ya serikali kwa wazee, hazilipi sehemu kubwa ya matibabu ya baharini, na wazee waliokuja kutembea mara nyingi hawana bima yoyote. Wakatieni bima ya safari inayotaja wazi uokoaji wa kitabibu na inayokubali maradhi waliyonayo tayari, kama kisukari na presha. Bila bima hiyo, mimi sipangi safari ya mtu wa miaka 70.

Halafu kuna jambo ambalo vijana hulipita haraka. Mzee wa Unguja au Pemba anakumbuka kuzama kwa meli ya Spice Islander, Septemba 2011. Mtu wa Mwanza au Bukoba anakumbuka kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996. Bibi akisema "mimi na meli hapana", msimcheke wala msimshangaze kwa tiketi. Mwelezeni kinachofanyika: kabla meli haijaondoka kila abiria anaonyeshwa kituo chake cha dharura na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea, hesabu ya watu inajulikana, na idadi ya abiria haivuki ile iliyopangiwa boti za kuokolea. Mwonyesheni picha za boti zenyewe, zilizoning'inia ubavuni mwa meli. Akisikia yote hayo na bado akakataa, jibu lake liheshimiwe.

Hatua ya 3: Vyumba, kisha hesabu kamili

Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Wa tatu na wa nne kwa kawaida hulipa pungufu ya hapo. Vyumba vya watu watano ni vichache na huisha mapema. Kitanda cha tatu na cha nne mara nyingi hushushwa kutoka kwenye dari kwa ngazi ndogo ya chuma, kwa hiyo panga sasa nani atapanda. Kampuni nyingi zinataka mtu wa miaka 21 au zaidi katika kila chumba, ingawa hulegeza kwa watoto wanaolala jirani na wazazi wao. Kwa watu wetu 11 ningeanza na vyumba vinne, viwili vikiwa na mlango wa ndani kati yake, na cha wazee kiwe karibu na lifti. Meli hizi ni ndefu mno. Goti la babu litalalamika siku ya kwanza.

Sasa ongeza kisichoonekana kwenye tangazo. Kodi na ada za bandari, kama hazimo kwenye bei iliyotangazwa. Bakshishi ya wafanyakazi, ambayo kampuni nyingi hukata dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na mtoto wa miaka sita anakatwa sawa na babu yake. Kwa dola 18, watu 11, siku 7, hiyo ni dola 1,386 kabla hamjanunua soda, na soda hazimo kwenye nauli. Intaneti inalipiwa, maegesho Galveston yanalipiwa, matembezi ya bandarini yanalipiwa. Weka bima. Jumla yote igawe kwa watu 11, na hiyo ndiyo namba ya kupeleka kwenye kikao.

Hatua ya 4: Chakula na ibada

Bafe ni kubwa na nguruwe yumo, kwa hiyo anayetaka halali aandikiwe ombi kwa kampuni wiki kadhaa kabla na akumbushe siku ya kwanza mezani. Kasino na baa ziko njiani kila upande. Wazee waambiwe mapema. Kwa kibla, ramani kwenye runinga ya chumbani huonyesha meli inaelekea wapi.

Hatua ya 5: Kikao cha familia

Kabla ya kikao, mpigie kila mtu mzima peke yake. Mbele ya kaka mkubwa hakuna atakayesema hana pesa. Amueni mapema nani anawalipia wazee na kwa mafungu gani, na pesa zishikwe na mtu mmoja anayetoa taarifa kila mwezi. Wakiwa wawili au zaidi wanasuasua, kodini nyumba kubwa ufukweni Galveston kwa siku tatu. Mnapika wenyewe pilau, watoto wanaogelea, na hakuna visa inayoguswa.

Hatua ya 6: Mkikubaliana

Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na mkataba unairuhusu kampuni kubadili bandari bila kukurudishia nauli. Chagueni arbuni inayorudishwa, hata ikiwa ghali kidogo, kwa sababu katika watu 11 mmoja hubadilika. Malipo ya mwisho huwa takriban miezi mitatu kabla. Mwambie wakala aunganishe vyumba vyote ili mle meza moja jioni.

Wanaotoka mbali wafike Galveston siku moja kabla. Na saa zenu zifuate saa ya meli: Cozumel haibadilishi majira, hivyo wakati wa baridi iko saa moja mbele ya Texas, na simu inaweza kujibadilisha yenyewe mkishuka. Mpe kila mtoto mkubwa saa ya mkononi ya kawaida, iliyowekwa saa ya meli, na mkubaliane kurudi gatini saa nzima kabla ya muda wa mwisho.