Jinsi ya kujua kama babu yako alipiga kura 1957

Kama uko Kisumu, Kakamega ama Nakuru na kuna mzee kwenu amefika miaka tisini ama zaidi, muulize mapema kuhusu kura ya Machi 1957. Hiyo ndio mara ya kwanza Waafrika wa Kenya kujichagulia watu wa kuingia Legco, yaani baraza la kutunga sheria la wakati wa mkoloni, na viti vilikuwa 8 tu nchi nzima.

Usianze na "ulikuwa chama gani", atakuangalia tu. KAU, chama cha Waafrika cha Kenya African Union, kilikuwa kimepigwa marufuku 1953, na kuanzia 1955 serikali iliruhusu vyama vya wilaya pekee, kwa hivyo mtu alikuwa anajiuza kwa jina lake na kazi yake. Muulize nani alikuja kuhutubia, mkutano ulikuwa wapi, na chifu alisema nini.

Halafu angalia kama angeandikishwa kweli, maana si kila mtu alikubaliwa. Walitaka kisomo, ama mapato ya pauni 120 kwa mwaka, yaani shilingi 200 kwa mwezi, ama mali ya pauni 500, ama utumishi wa miaka mingi, na ukiwa na sifa kadhaa unaongezewa kura mpaka 3! Kwa hivyo mwalimu mwenye mshahara angeweza kumzidi kura jirani yake mkulima, wote wawili wakiwa laini moja. Fungua ile sanduku ya makaratasi utafute vyeti vya shule, karatasi za mshahara wa reli, barua za jeshi. Kama ni familia ya Wakikuyu, Waembu ama Wameru, na Nakuru mko wengi, alihitaji pia cheti cha uaminifu kwa serikali, na hicho wengi hawakupewa.

Ukishajua aliishi wapi, mwaniaji unampata haraka. Kisumu ilikuwa Central Nyanza, Oginga Odinga akamwangusha B.A. Ohanga ambaye alikuwa waziri tayari, maajabu ya wakati huo. Kakamega ilikuwa North Nyanza, Masinde Muliro akamtoa W.W.W. Awori, South Nyanza akaingia Lawrence Oguda, na Rift Valley Moi, aliyekuwa Legco tayari kwa kuteuliwa, akabaki.

Ukipata matokeo kwa magazeti ya zamani pale Nyaraka za Taifa, Nairobi, usihesabu kura kama watu. Na ukirekodi mzee kwa simu, anza na swali la alikuwa na kura ngapi, kwa sababu mwenye alipewa tatu hawezi kusahau hiyo.