Gemu za kikosi: panga watu kabla zamu hazijaanza

Kwa wenzangu hapa Mombasa mliochoka na gemu za mpira mkahamia gemu za vikosi, ambazo waongoza askari wachache: kuna zinazochanganya mwendo huru na mapigano ya zamu, yaani wewe wacheza kisha adui. Mutant Year Zero ya 2018 ni hivyo, na Jagged Alliance 2 ya 1999 pia. Wengi huzisubiri zamu ndipo waanze kufikiri, kana kwamba ni dama ya barazani, ilhali vita vishaamuliwa kitambo.

Ule muda wa kutembea huru ndio mali. Adui hajakuona na hakuna anayekuhesabia hatua. Tawanya kikosi: mmoja juu ya paa, mwingine nyuma ya ukuta, wa tatu ubavuni. Ngoja mlinzi ajitenge na wenzake, kisha mmalize kwa silaha isiyo na mlio. Ukigongana naye bila kujipanga, watu wako watakuwa wamerundikana, na guruneti moja litawatosha wote.

Zamu zikianza, usitumie pointi zote, zile anazotumia askari kutembea na kufyatua. Katika Jagged Alliance 2, askari aliyebakisha pointi anaweza kumkatiza adui katikati ya zamu yake na kufyatua kwanza.

X-COM: Apocalypse ya 1997 yenyewe hukuachia uchague mfumo kabla ya pambano: zamu, au mapigano ya papo kwa papo ambapo wote mwacheza kwa pamoja. Mie zamu, wallahi. Ule mwingine wataka macho manne.

Na hifadhi gemu kabla ya kushambulia. Stima za hapa mwazijua.