Una wafanyikazi watatu tu? Basi HR ni wewe, anza hivi

Watu wengi hapa Mombasa wakifungua biashara, wakisikia HR, yaani kazi ya kusimamia wafanyikazi, wadhani ni mambo ya hoteli kubwa za Nyali na makampuni ya bandarini. Hapana jamani. Siku ile ulipomwambia mtu "kesho njoo uanze" hiyo kazi ishaanza, na wa kuifanya ni wewe mwenyewe. Mimi nilipofungua kimkahawa changu cha mahamri na mbaazi, miezi ya kwanza akili yote ilikuwa kwa bei ya unga na nazi, wafanyikazi nikawaacha waende hivyo hivyo kwa maneno ya mdomo.

Nilikuwa na dada mmoja fundi hasa wa mahamri. Baada ya Ramadhani akaja mshahara ulipofika, unga umemganda mpaka viwikoni, akanihesabia kwa vidole siku nne alizokuja usiku kukanda oda za Idd, na mimi kwa daftari sina hata moja. Sikutaka kumdhulumu wallahi, lakini sikuandika, na yeye hakuwa na cha kunionyesha. Akafungua leso kiunoni, akaikunja polepole, akaenda zake. Wiki mbili nzima wateja wakiniuliza mbona mahamri siku hizi mazito.

Kwa hivyo kabla hujaita mtu, andika kazi yenyewe. Sio "mpishi" tu, andika anaingia saa ngapi, anafanya nini, nani anashika pesa, nani anafunga. Ukishaandika ndo utajua wataka mtu wa aina gani. Mie kazi yaanza saa kumi alfajiri, kwa hivyo swali langu la kwanza kwa mtu ni unakaa wapi na utafikaje, manake anayetoka Likoni ana feri ya kufikiria na wa Kisauni ana matatu, na hilo mlizungumze mapema kabla ya kuanza kulaumiana kwa kuchelewa. Alafu mpe kazi ya siku moja aifanye ukimuona, na hiyo siku umlipe. Mtoto wa jirani ni sawa kumchukua, lakini naye apitie hapo hapo.

Mkataba sasa. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iandikwe. Karatasi mbili zatosha: mshahara, pesa ya nyumba imo ndani yake ama ni kando, saa za kazi, siku ya ofu (angalau moja kwa kila siku saba), likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na muda wa majaribio ambao haufai kupita miezi sita, kuongeza ni mpaka mkubaliane. Andika kwa Kiswahili kama ndio lugha yenu, msome pamoja, kila mtu abaki na nakala yake.

Pesa ndo hapa wengi huteleza, manake unahesabu mshahara peke yake. Chukua mtu wa 22,000 kwa mwezi. Kwake unakata NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 6 yaani 1,320, SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75 yaani 605, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 yaani 330, anabaki na 19,745. Wewe nawe waongeza NSSF 1,320 nyingine, ushuru wa nyumba 330 na shilingi 50 ya NITA (ada ya mafunzo ya kazi), kwa hivyo huyo mtu kwako ni 23,700. Kisha angalia kima cha chini cha mshahara cha Mombasa, kiko kwa kundi la miji mikubwa, usilinganishe na anacholipa mtu wa kijijini. Makato yapelekwe kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na umpe karatasi yenye kuonyesha kila kilichokatwa, mtu akiona kwa macho hanung'uniki. Advansi pia ziandike, makato yote pamoja yasizidi thuluthi mbili za mshahara.

Na kwa jikoni, bima ya ajali za kazini usiiahirishe. Karai la mafuta likimwagikia mtu mguuni ni lako hilo.

Daftari la mahudhurio liwe mlangoni, mtu aandike mwenyewe akiingia na akitoka. Mwezi wa Ramadhani saa hubadilika, kaeni mkubaliane kabla mwezi haujaandama, na ovataimu ya usiku ijazwe usiku huo huo.

Mtu akikosea usimfukuze mbele ya wateja. Muite, mwambie kosa lake kwa lugha anayoielewa, mruhusu aje na mwenzake wa kazini kama shahidi, msikilize, ndo uamue. Hiyo sio hisani, ni sheria, na ukiiruka kesi inaweza kukushinda hata kama mtu kweli alikosea.

Akiondoka baada ya wiki nne au zaidi ana haki ya hati ya kuonyesha alifanya kazi kwako, kuanzia lini mpaka lini. Yule dada nilimwandikia yake, na siku zake nne nikamtumia kwa M-Pesa. Sai yuko mkahawa mwingine huko Bamburi, na fundi wangu wa sasa ni yeye aliyeniletea.