Kupunguza joto kwenye karakana ya nyumbani wakati wa kiangazi

Kabla ya kununua feni, tafuta vipimajoto viwili. Kimoja kitundike ndani ya karakana usawa wa kichwa, kingine nje kivulini, vyote visiguse ukuta. Visome saa nane mchana, siku yenye jua kali. Ndani kukiwa na nyuzi 41 na nje 34, una nyuzi saba za kupigania kwa kivuli, rangi na hewa, bila kiyoyozi. Namba zikikaribiana, kuongeza matundu na feni za kutolea hewa hakutasaidia, kwa sababu hewa unayoiingiza ndani ina joto lilelile la nje.

Mara nyingi tofauti huwa kubwa, na chanzo chake ni paa. Bati lililopigwa na jua linaweza kupita nyuzi 60, na lisipokuwa na dari chini yake hummulika joto fundi kichwani na mabegani kama jiko lililogeuzwa. Elekeza kiganja juu, kisha kigeuze chini. Ukihisi tofauti papo hapo, joto linatoka kwenye bati lenyewe, na feni haiwezi kulizuia.

Tiba ya bei nafuu ni rangi nyeupe ya paa. Osha bati, sugua kutu kwa brashi ya waya, paka praima (rangi ya msingi), kisha rangi mikono miwili. Vumbi likitanda, weupe hupungua nguvu, kwa hiyo paa lioshwe kila kiangazi kinapoanza.

Inayofuata ni foili ya kuakisi joto, na hapa ndipo makosa ni mengi. Wengi huibandika uso wake unaong'aa ukigusana na bati, joto likapita kana kwamba foili haipo. Kinachofanya kazi ni uso unaong'aa ukiwa na nafasi ya hewa mbele yake. Ifunge chini ya kenchi (mbao zinazobeba paa), ukiacha angalau sentimita 2.5 kati yake na bati. Nafasi kubwa zaidi haidhuru. Uso unaong'aa utazame chini, maana ukitazama juu vumbi litaufunika. Usizibe kila upande: acha upenyo kwenye ukingo wa paa na mwingine karibu na kofia ya kilele cha paa, ili hewa moto iliyonaswa juu ya foili ipate njia ya kutoka. Foili hupitisha umeme. Zima swichi kuu kabla ya kupiga pini, na hakikisha nyaya zote unazijua zinakopita. Pini moja ikitoboa waya, dari nzima inaweza kuwa na umeme.

Povu gumu la vibao nalo huzuia joto vizuri, ila linawaka. Penye kuchomelea au grenda, lifunike kwa bodi ya jasi, lisibaki wazi. Ukilibandika kwenye mlango wa gereji unaopanda juu, uzito unaoongezeka huvuruga mizani ya springi. Springi hizo zina nguvu ya kuvunja mkono, basi zirekebishwe na mwenye ujuzi nazo.

Madirisha yawekewe kivuli kwa nje. Pazia la ndani huliacha jua lipite kwenye kioo kwanza, na joto likishaingia limeingia. Upande wa magharibi, kibaraza cha juu hakitoshi kwa kuwa jua la alasiri huja likiwa chini. Panahitaji kizuizi cha wima, kama shuka la turubai lililosimama hatua moja kutoka ukutani.

Sasa hewa. Hewa moto hupanda, kwa hiyo pa kuingilia pawe chini, upande wenye kivuli, na pa kutokea pawe juu, upande wa pili. Feni ya kutolea hewa huchaguliwa kwa hesabu. Karakana ya mita 6 kwa 4 yenye kimo cha mita 3 ina mita za ujazo 72. Ukitaka hewa ibadilike mara 30 kwa saa, unahitaji feni ya mita za ujazo 2,160 kwa saa. Feni hiyo inahitaji uwazi wa kuingizia wa takriban mita ya mraba 0.3. Ukiweka nyavu za mbu, ongeza uwazi huo, kwani nyavu hubana hewa, na vumbi la mbao huziziba upesi. Uwazi ukiwa mdogo, feni itapiga kelele tu. Unapotumia thina au petroli, usiwashe feni yenye mota ya kawaida: cheche moja yatosha kulipua mvuke.

Feni ya kupepea ni jambo jingine. Haipozi hewa, hukausha jasho. Hewa ikifika nyuzi 40, huongeza joto mwilini badala ya kulipunguza, na hapo ni kusimamisha kazi.

Kipoza hewa cha maji hufaa penye hewa kavu tu. Kwenye nyuzi 35 na unyevu wa asilimia 20, mashine nzuri huweza kushusha hewa hadi karibu nyuzi 22. Unyevu ukiwa asilimia 70, haishuki chini ya nyuzi 30, huku meza ya msumeno ikishika kutu na mbao zikivimba. Kiyoyozi hakina tatizo hilo, lakini mashine ya kunyonya vumbi inayotoa hewa nje itafukuza ubaridi wote unaoulipia.

Joto jingine unalitengeneza mwenyewe. Mashine ya wati 1,500 huacha karibu joto lote hilo chumbani. Kompresa ihamishie nje, kivulini. Usiku hewa ikipoa, fungua kila kitu. Asubuhi, nje kukianza kuzidi ndani, funga. Njia hii hufaa sana penye sakafu ya zege na kuta za matofali, lakini kuta za bati hazihifadhi ubaridi.

Kunywa maji kama glasi moja kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Betri za lithiamu zichaji asubuhi, kwa kuwa chaja nyingi hukataa betri iliyopata joto kali. Makopo ya rangi ya kupulizia yasikae chini ya bati, na gundi ya mbao ipake kipande kwa kipande, kwa sababu kwenye joto hukauka kabla hujafunga kibano.