Roboti ya mashindano ya shule: anzeni na miguu, mkono utasubiri

Nimekuwa kocha wa timu za sekondari misimu kadhaa sasa na kila mwaka ni kisa kile kile, watoto wanaangalia video ya gemu mpya (kazi za uwanjani za msimu huo), jioni hiyo hiyo washachora mkono wa viungo vitatu unaobeba kila kitu, alafu wiki ya mashindano roboti haijawahi kutembea mita kumi bila kuzima. Hapa naeleza tunavyofanya sisi. Nyie mtarekebisha kulingana na mashindano yenu, iwe FIRST, iwe VEX, iwe ya kwenu wenyewe.

Hatua ya 1: Someni sheria, zote

Najua inachosha. Gaweni kitabu, kila mtu achukue sura yake aje awafundishe wenzake, alafu ubaoni andikeni namba tu: ukubwa, uzito, mota ngapi, muda gani. Kwa mfano FTC (FIRST Tech Challenge, ya roboti ndogo) roboti inaanza mechi ikiwa imeenea kwenye boksi la inchi 18 kila upande, kama sentimita 46 hivi, sekunde 30 za mwanzo inajiendesha yenyewe ndo madereva wanashika rimoti kwa dakika 2. FRC (FIRST Robotics Competition) ndo yale madude makubwa, misimu mingi mwisho ulikuwa pauni 125 bila betri na bampa, karibu kilo 57, na mnacheza timu tatu kwa tatu. Usikariri za mwaka jana, zinabadilika, na hata katikati ya msimu wanatoa marekebisho kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kuyafuatilia.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu ya pointi kwa sekunde

Choreni uwanja chini kwa chaki, mtu mmoja ajifanye roboti, aende taratibu, aokote, apeleke, arudi, na mwingine ashike saa. Tuseme mzunguko mmoja ni sekunde 12 na una pointi 5. Dakika 2 ni mizunguko 10, toa ya kugongwa na ya kukosa, zimebaki 6 au 7. Sasa kile kitu cha mwishoni ambacho kila mtu anakitamani, labda kupanda juu ya chuma kwa pointi 20, ni sawa na mizunguko minne tu, yaani sekunde 48. Kama kupanda kutakula wiki tatu za kujenga, je inalipa? Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine hapana, ila mjadala wa namba unaisha haraka kuliko mjadala wa "mi naona". Chagueni kazi MOJA.

Hatua ya 3: Miguu

Fremu, magurudumu, mota, betri, itembee wiki ya kwanza. Ikiwa mbaya sawa tu, mradi inatembea, maana watu wa programu wapate kitu cha kuchezea na dereva aanze kuzoea. Spidi mnaijua kabla ya kujenga: gurudumu la inchi 4 mzingo wake ni kama sentimita 32, mota ikizunguka mara 200 kwa dakika hapo ni mita 64 kwa dakika, mita moja na kidogo kwa sekunde. Kwa mwanafunzi anayeanza inatosha kabisa, msidanganyike na spidi.

Hatua ya 4: Kadibodi kabla ya chuma

Kucha, kikapu, chochote cha kukamatia, tengenezeni kwanza kwa kadibodi na gundi, mshike kwa mkono mjaribu. Kikishindwa mmepoteza saa moja tu.

Hatua ya 5: Mkono wenyewe

Hapa ndo mota zinaungua. Mkono wa sentimita 40, mzigo wa gramu 500 ukiwa nchani: gramu 500 ni uzito wa kama newtoni 5, mara mita 0.4, hiyo ni newtoni-mita 2 (nguvu ya kuzungusha). Watu wanaishia hapo wanasahau kwamba mkono nao una uzito! Ukiwa gramu 600, uzito uko katikati, newtoni 6 mara 0.2, ongeza 1.2. Jumla 3.2. Kama mota yako inakwama kabisa kwenye newtoni-mita 2, ihesabie nusu tu, 1, kwa sababu mota inayokabwa muda mrefu inachemka. Basi weka gia ya meno 12 isukume ya meno 60, nguvu inazidi mara 5 na mnabaki na akiba. Kama mota ilikuwa mizunguko 100 kwa dakika sasa mkono ni 20, robo mzunguko ni sekunde 0.75, haraka tu.

Hatua ya 6: Waya

Kuna mwaka tulikuwa nusu fainali, sekunde ya 40 roboti ikasimama katikati ya uwanja kama imechoka maisha. Watoto wakadhani ni programu, laptopu zikafunguliwa, watu wanne wanasoma kodi za programu huku jasho linatoka. Kumbe plagi ya betri imelegea tulivyogongwa. Tangu hapo betri inafungwa kwa mkanda, kila waya unavutwa kwa vidole kabla ya mechi, ukitoka ulikuwa haujafungwa vizuri, kila ncha ina lebo, na mkono unazungushwa mwanzo mpaka mwisho kuona kama kuna waya unavutika. Na kuna mtu wa betri, kazi yake hiyo tu, kila betri ina namba na volti zinaandikwa kwenye daftari.

Hatua ya 7: Sehemu ya kujiendesha

Anzeni na kutoka kwenye mstari, basi. Ifanikiwe mara 9 kwa 10 ndo muongeze kitu. Na msiandike "nenda mbele sekunde 2", betri ikiwa imejaa inaenda mbali, ikishuka inafika nusu njia, tumieni sensa zinazohesabu mizunguko ya gurudumu.

Hatua ya 8: Dereva

Wiki mbili za mwisho spana chini, hakuna kipya. Dereva anapatikana kwa kushindanisha kwa saa, siyo kwa kuwa kiranja wala kwa kuwa ndo aliyejenga (hapa kuna ugomvi kila mwaka, jiandaeni). Afanye mazoezi mtu akimzuia, maana uwanja mtupu haupo siku ya siku. Nyuma yake asimame mmoja tu wa kumwelekeza, wengine kimya.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Nendeni ukaguzi mapema. Alafu zungukeni kwa timu nyingine, andikeni nani anafanya nini, na mwenye shida ya spana mpeni, kwa sababu kwenye mfumo wa kuungana yule mnayepambana naye asubuhi anaweza kuwa mwenzenu mchana, na wanaochagua wa kuungana nao wanakumbuka. Kila mechi ikiisha, kabla ya stori za matokeo, mtu wa betri anabadilisha na mwingine anapitia nati za magurudumu. Kwetu inayolegea huwa ya mbele kushoto, sijui kwanini, ila ni kila mwaka.