Unataka kuwa daktari wa homoni na kisukari cha watoto? Njia iko hivi

Wadogo zangu wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na nyie mlioko intani, naulizwa sana hili swali kwahiyo naliandika mara moja. Naongelea zaidi Bongo, ila mwenzangu wa Kenya atajikuta humu humu maana mwisho wa siku wengi tulikuwa tunakutana Nairobi.

Anza na hesabu ya miaka usije ukashangaa njiani. MD (shahada ya udaktari) miaka 5, intani 1, usajili kwenye Baraza la madaktari, halafu MMed (shahada ya uzamili) ya watoto miaka 3, na hapo katikati wengi wanafanya kazi kwanza miaka kadhaa maana ada haijilipi. Ndo unakuja kwenye ubobezi wenyewe. Marekani nao ni 3 ya watoto halafu 3 ya homoni juu ya masomo ya udaktari, kwahiyo usidhani kuna mahali pana njia ya mkato.

Ubobezi unasomea wapi? Mwaka 2008 ilianzishwa Nairobi programu ya kufundisha madaktari wa homoni za watoto wa Afrika, inaitwa PETCA, ikibebwa na chama cha Ulaya cha wataalamu hao, ESPE. Baadaye ikaanza nyingine Lagos. Mpangilio ulikuwa miezi 18: miezi 6 unakaa Nairobi unasoma na kuona wagonjwa, 9 unarudi hospitali yako unafanya utafiti, 3 unarudi kumalizia. Mi naona hiyo ya kurudishwa nyumbani katikati ilikuwa akili kubwa, maana unajifunza kutibu kwa vipimo vilivyopo kwenu. Kabla ya kuomba popote ulizia masharti ya mwaka huo, na hospitali yako ikupe ruhusa kwa maandishi, sio ya mdomo.

Sasa huku kwenye MMed usikae unasubiri. Chagua tasnifu inayohusu kisukari au homoni, na ganda na kliniki ya kisukari hata kama sio rotesheni yako. Kingine, jifunze kumtambua mtoto wa kisukari aliyeingia na ketoni, yaani asidi zinazojaa kwenye damu insulini ikikosekana. Anahema kwa nguvu na haraka, watu wanaandika nimonia, anatapika na tumbo linauma, wanaandika malaria au taifodi, na hakuna aliyemgusa kidole kupima sukari! Ukimuuliza mama anakwambia ana wiki kadhaa anakunywa maji kupita kiasi, amekonda, ameanza tena kukojoa kitandani na alishaacha. Matibabu yana mpangilio, kwanza dripu, insulini inafuata kama saa moja baadaye, potasiamu unaiangalia muda wote, na sukari ikishuka karibu na 14 mmol/L hukati insulini, unaongeza glukosi kwenye dripu, kwasababu ketoni bado hazijaisha na insulini ndo inayozimaliza. Na maji yaende kwa hesabu, huku ukimwangalia maana ubongo unaweza kuvimba. Hiki kitu ukijue usingizini.

Halafu mikono. Watu wanadhani kazi hii ni kusoma majibu ya maabara tu, wakati nusu yake ni futi na vidole. Kupima urefu kwa mfano, visigino vimegusa ubao, macho yanatazama mbele, na mtoto wa kike akija na mabutu kichwani fumua au sogeza, la sivyo unapima nywele halafu unaandika mtoto anakua vizuri kumbe amesimama mwaka mzima. Na uulize urefu wa baba na mama kabla hujaagiza kipimo chochote cha bei, utaokoa hela za watu.

Kwenye kisukari, shika tumbo na mapaja ya mtoto pale anapochomea insulini. Watoto wanapenda kuchoma sehemu moja kwasababu haiumi tena, panatengeneza uvimbe laini chini ya ngozi, dawa inaingia inavyotaka yenyewe, sukari inapanda, we unaongeza dozi, siku akihamishia sindano sehemu isiyo na uvimbe anaanguka na sukari ya chini. Kwa macho huuoni vizuri, unausikia kwa vidole.

Na uwe mtu wa kuongea. Utafundisha bibi asiyejua kusoma namna ya kuvuta dozi, utaelekeza familia isiyo na friji kuweka insulini kwenye chupa ndani ya chungu chenye maji pembeni, isilowe, utaongea na mwalimu mkuu ili mtoto aruhusiwe kula kitu darasani. Kijana wa miaka 15 aliyechoka kuchoma sindano ukimfokea humuoni tena kliniki. Kama huna uvumilivu wa haya, nenda upasuaji, bado tutakupenda.

Hela? Hamna tieta hapa, hamna oparesheni za kulipisha, hata Marekani hii fani iko kwenye zile zenye malipo ya chini kati ya ubobezi. Ila wagonjwa wako wanakua na wewe, unaanza na mtoto wa miaka 4 na anakukabidhi matokeo yake ya form six.

Mwongozo wa ISPAD, chama cha kimataifa cha kisukari cha watoto na vijana, uko bure mtandaoni, pakua leo, anza na sura ya ketoni kabla ya hizo za mapampu ya insulini na sensa za kupima sukari.