Somo: Kuvunja ulinzi unaoswichi kila skrini

Mechi nyingi za mpira wa kikapu ninazotazama hapa Kisumu siku hizi, walinzi hawahangaiki kupambana na skrini, yaani mchezaji anaposimama kama ukuta kumzuia mlinzi wa mwenzake. Ukiiweka, wawili wanapaza sauti "Swichi!" na kubadilishana watu: mrefu anamchukua gadi wako (mfupi anayeongoza mpira), gadi wao anabaki na senta wako (mrefu wa karibu na ringi), na mchezo unaendelea kana kwamba hamkufanya kitu. Vijana wanakata tamaa. Wanaanza kutupa mpira kutoka mbali ili mradi saa ya sekunde 24 isiwaishie.

Wengi hudhani dawa yake ni kumtafuta mrefu aliyebaki na mfupi, kumpa mpira, kisha wote kusimama wakimtazama. Nilifundisha hivyo kwa miaka. Sasa nafundisha kwamba swichi hupigwa inapotokea, kabla haijakamilika. Nenda stendi ya matatu utazame makanga wawili wakipokezana abiria. Wa kwanza ameshaachia begi, wa pili bado hajalishika. Kwa nusu sekunde abiria yule hana mwenyewe, na akitaka kupanda gari la tatu, atapanda. Hatua zote hapa chini zinaitafuta nusu sekunde hiyo.

Hatua ya 1: Jua wanaswichi akina nani

Mashambulizi mawili ya kwanza, weka skrini moja gadi kwa gadi na nyingine senta kwa gadi, halafu tazama. Timu nyingi huswichi wanapolingana kimo tu, na senta wao hurudi nyuma kulinda ringi. Hao wana dawa yao siku nyingine. Tunaowazungumzia leo ni wanaoswichi wote watano.

Sikiliza pia nani anapaza sauti. Kwa kawaida ni mlinzi wa yule anayeweka skrini, kwa sababu yeye ndiye anayeona yaliyo mbele. Akiita mapema, kabla skrini haijamgusa mtu, amewapa zawadi.

Hatua ya 2: Ikatae skrini

Mlinzi wa gadi akisikia "swichi" huanza kulegea, au huruka upande wa skrini kabla ya wakati. Gadi adunde mara moja kuelekea kwenye skrini, abadilishe mkono, apite upande wa pili. Mlinzi wa senta naye ameshapanda upande usiofaa. Basi, hiyo imeisha. Watoto wa shule huielewa kwa siku moja.

Hatua ya 3: Chomoka

Kama mna muda wa kufundisha kitu kimoja tu kabla ya mechi, fundisheni hiki.

Senta anapanda kwenda kuweka skrini. Mlinzi wake anajua atamchukua gadi, kwa hiyo anapanda naye, na mwishoni hupiga hatua moja ya ziada kuufuata mpira. Mwambie senta autazame mguu huo. Ukivuka bega lake kuelekea kwa gadi, hapo hapo anachomoka kwenda kwenye ringi. Hasimami, hamgusi mtu. Mlinzi wa gadi bado yuko juu anasubiri kukabidhiwa mtu mpya, na nyuma yake kuna njia nyeupe.

Kinachoharibika ni pasi. Gadi husubiri amwone senta yuko wazi kabisa, na akishamwona, tayari wenzao wa upande wa pili wamefika. Pasi itoke senta anapopiga hatua ya kwanza. Itoke kwa mkono mmoja, moja kwa moja kutoka kwenye kudunda, bila kuukusanya mpira kwanza kwa mikono miwili. Mlinzi mrefu akiwa amenyoosha mikono, ipite chini kwa kudunda kando ya mguu wake. Akiwa ameinama, ipite juu ya bega.

Watatu waliobaki wana kazi, ingawa hawaugusi mpira: wawili wakae kwenye kona, mmoja pembeni nyuma ya mstari wa pointi tatu. Kwa vipimo vya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, mstari huo uko mita 6.75, na kwenye kona ni mita 6.60. Mchezaji wa kona akiteleza ndani hatua mbili tu, amemleta mlinzi wake mlangoni kwa senta. Viwanja vyetu vingi vya saruji mistari imefutika, na kijana asipouona mstari hukaa popote. Mimi hubeba chaki. Chora mstari, chora alama ya mguu wa kila mtu, na mazoezi yatabadilika siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Skrini hewa

Tunaiita hivyo kama tunavyosema mfanyakazi hewa: ipo kwa jina, mtu hayupo. Gadi wa pili anakimbia kumwelekea mwenye mpira kana kwamba anakuja kuweka skrini, lakini anapompita mlinzi hasimami. Anaendelea kukimbia hadi nyuma ya mstari wa pointi tatu upande wa pili. Walinzi wawili inabidi waamue kwa mbio: tunaswichi au hatuswichi? Mmoja akisema ndiyo na mwenzake hapana, wawili watabaki na mpira na mkimbiaji hana mtu, au wote wawili watamfuata mkimbiaji na mwenye mpira ataingia bila kuguswa.

Kasi ndiyo kila kitu. Ukija polepole, walinzi wanapata muda wa kuzungumza.

Kwa wanaocheza nje karibu na ziwa: alasiri upepo wa Nam Lolwe (Ziwa Victoria) ukishaamka, mtupo wa mbali hauaminiki. Mkimbiaji asilazimike kutupa. Apokee, na kwa kuwa mlinzi anamjia mbio, adunde mara moja ampite.

Hatua ya 5: Mfungie mgongoni, lakini mpira upite kwa mtu wa tatu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu palinigharimu mechi.

Tulikuwa kwenye kiwanja cha nje, jua la saa nane. Senta wetu alibaki na gadi wao mara nyingi hata watazamaji wakawa wanapiga kelele, "Mpe! Mpe!" Tukajaribu kumpa. Pasi ya kwanza ikaguswa, ya pili ikaguswa, ya tatu ikaenda nje. Tulifungwa kwa pointi tatu. Usiku nilipokaa na daftari nikaona kosa lilikuwa langu. Niliwaambia pasi itoke kwa gadi aliyetumia skrini. Lakini baada ya swichi, mbele ya gadi huyo amesimama mtu mrefu kuliko wote wa timu pinzani, mikono yake imeijaza njia. Nilikuwa nimechagua mahali pabaya kuliko pote pa kupitishia mpira.

Siku hizi tunafanya hivi. Swichi ikitokea, senta hakimbilii kwenye ringi. Anageuka papo hapo, anaweka mguu mmoja mbele ya gadi aliyekabidhiwa, anakaa chini kama anayeketi kwenye kigoda, na kumweka mgongoni. Amfungie juu kidogo, hatua moja nje ya eneo la sekunde tatu (lile la mbele ya ringi ambamo mshambuliaji hakai zaidi ya sekunde tatu), kisha amsukume taratibu kwa mgongo mpira ukiwa njiani, ili filimbi isimkute ndani. Wakati huo gadi anampasia mtu wa tatu, ambaye amepanda kwenye mstari wa mitupo huru au pembeni. Mlinzi wa mtu huyu hana urefu wa ajabu, na pembe yake ya pasi iko wazi. Kutoka kwake mpira unaingia kwa senta. Pasi mbili badala ya moja, na zote mbili rahisi.

Na yule gadi aliyebaki na mrefu? Akishapasia, asisimame akitazama. Akate kuelekea kwenye ringi mara mlinzi wake mrefu anapogeuza kichwa kuufuata mpira, na warefu hugeuza kichwa karibu kila mara.

Kusimama kuna bei hata kwa timu kubwa. Tarehe 28 Mei 2018, mchezo wa saba wa fainali ya kanda ya magharibi ya NBA, ligi kuu ya Marekani, Houston Rockets walikutana na Golden State Warriors, timu mbili zilizokuwa zinaswichi karibu kila kitu. Houston ndiyo iliyotegemea sana mtu mmoja kumshambulia mlinzi mmoja, na siku hiyo gadi wao Chris Paul alikuwa nje na jeraha. Walikosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo, wakafungwa 101 kwa 92. Mitupo mingine ilikuwa mizuri, sikatai. Lakini miguu ya watu waliokuwa wakingoja kwa muda mrefu haina moto.

Hatua ya 6: Skrini ndani ya skrini

Hii ni ya timu iliyokomaa. Huitwa mchezo wa Wahispania. Senta anaweka skrini kwa gadi juu katikati. Anaposhuka, mchezaji wa tatu, mtupaji wenu bora, anamwekea skrini ya mgongoni mlinzi anayekwenda na senta, kisha anachomoka kwenda nje kwenye mstari wa pointi tatu. Sasa swichi inahitaji walinzi watatu waelewane kwa wakati mmoja. Wawili huelewana kwa neno moja. Watatu ni vigumu, na makosa yao huwa makubwa: ama senta yuko peke yake chini ya ringi, ama mtupaji yuko peke yake juu.

Mazoezini, anza na watatu kwa watatu, nusu kiwanja, dakika 15. Walinzi walazimishwe kuswichi kila kitu. Mdundo usizidi mara tatu kwa kila mpokeaji. Kikapu cha kawaida ni pointi moja, kikapu kilichotokana na kuchomoka ni tatu. Utashangaa jinsi watoto wanavyojifunza haraka kuutazama mguu.

Maswali ya wanachama

*Kocha, habari ya kazi. Niko Kondele, nacheza namba tano, yaani senta. Kila nikichomoka refa ananiita faulo ya skrini ya kusogea. Nifanye nini?*

Nzuri, kijana wangu. Faulo hiyo inahitaji mgusano. Mwenye kuweka skrini anapogusana na mlinzi lazima awe amesimama, miguu yote miwili chini. Kama humgusi mtu, hakuna faulo, hata ukikimbia. Nadhani unachelewa: unafika, unamgusa mlinzi wa gadi kwa nyonga, ndipo unachomoka. Ondoka hatua moja mapema. Na mikono yako ibaki kifuani, isitoke nje kumshika mtu.

*Mwalimu, mimi nafundisha wasichana wa sekondari Kakamega. Sina mrefu hata mmoja, wote wanalingana. Kumfungia mtu mgongoni hakutusaidii. Tuanzie wapi?*

Mwalimu mwenzangu, wewe una bahati usiyoiona. Timu ya wanaolingana ndiyo inayofaa skrini hewa, kwa sababu yeyote anaweza kukimbia na yeyote anaweza kutupa. Anza na hatua ya 2 na ya 4 tu, wiki mbili nzima. Kisha ongeza hili: msichana anayekwenda kuweka skrini mbali na mpira akiona walinzi wameanza kunyoosheana vidole, aache skrini na akate moja kwa moja kwenye ringi. Mlinzi anayenyoosha kidole hana miguu. Waambie hivyo, watalikumbuka.

*Kocha, salamu kutoka Nakuru. Sisi wakiswichi, yule mfupi anakuja kusimama mbele ya senta wetu, si nyuma. Pasi haipiti kabisa.*

Akisimama mbele, ringi ameiacha wazi nyuma yake. Mpeleke mtu wa tatu kwenye mstari wa mitupo huru, apokee, halafu atupe pasi ya juu kwenye kona ya ubao iliyo mbali na mlinzi. Senta asiukimbilie mpira. Amshikilie mfupi kwa mgongo mpaka mpira uko juu ya kichwa, ndipo aachie. Kabla ya pasi hiyo mtu wa tatu amtazame mlinzi wa kona ya mbali. Akiwa ameshaingia kusaidia, mpira uende kona. Nakuru nanyi mna mwinuko, hewa nyepesi, kwa hiyo wafundisheni kuipima pasi ya juu wakiwa wamechoka, si mwanzoni mwa mazoezi.

*Nitajuaje kama ni swichi au ni ulinzi wa eneo, ambapo kila mlinzi analinda sehemu yake na si mtu? Mara nyingi nachanganya.*

Mtume mtu mmoja akate kutoka kona moja hadi nyingine, chini ya ringi. Kama kila anakopita kuna mtu anamwachia na hakuna anayekwenda naye hadi mwisho, hata bila skrini, hilo ni eneo. Kama mlinzi anaambatana naye na kubadilishwa pale tu anapokutana na mwenzenu, hiyo ni swichi. Fanya hivyo mara mbili, usiamini mara moja.

*Erokamano, kocha. Swali la mwisho, niko Bungoma. Kuna timu hapa wakishaswichi, mrefu wao mwingine anatoka kona mbio kuja kumwondoa yule mfupi kwa senta wetu. Tukifikisha mpira, tunakuta mrefu.*

Hao wamefundishwa vizuri. Lakini wanafanya swichi ya pili, na nayo ina nusu sekunde yake. Mrefu akiondoka kona, mtu wenu wa kona hana mlinzi mpaka yule mfupi afike, na mfupi anatoka chini ya ringi akiwa amegeuka nyuma. Mtu wa tatu akipokea, macho yake ya kwanza yaende kona hiyo, ya pili yaende kwa senta. Mtu wenu wa kona naye asisubiri amesimama: apande hatua tatu kuelekea pembeni, ili mfupi amtafute mahali ambapo hayupo. Kama mnarekodi mechi kwa simu, mpiga picha akae nyuma ya ringi, huko juu, si pembeni. Hapo ndipo utaona ni sekunde gani hasa mrefu yule anaondoka.